Ukumbi wa Mafundi: Resini ipi kwa deraya za jukwaani?

Barua za safari hii karibu zote zimekuja na swali la namna moja. Skuli zinatayarisha michezo ya kuigiza, vikundi vya sanaa vinataka mavazi ya vita, vijana wa filamu wanataka chapeo zisizobonyea kamera inapokaribia. Kila mtu anauliza resini ipi, yaani ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, ni kali zaidi. Tunaomba swali hilo ligeuzwe. Resini peke yake ni kama kioo, ukiidondosha inapasuka. Nguvu inatoka kwenye nyuzi, yaani faiba, pamba au juti (uzi wa magunia), na kazi ya resini ni kuzishika nyuzi hizo zisihame. Basi kinachotakiwa kujulikana kwanza ni kitu gani kiko chini yake, na hewa ya siku hiyo ikoje.

SWALI. Assalaam alaykum. Tunatayarisha mchezo kuhusu Wareno hapa kisiwani. Tumekata dirii 6 na chapeo 6 za karatasi ya manila kwa vielelezo vya kuchapisha, tumezibandika vizuri, lakini zinalegea mwanafunzi akiinama. Tumeambiwa tupake resini. Ya aina gani, na kiasi gani? *Mwalimu wa sanaa, sekondari, Chake Chake*

JIBU. Waalaykum salaam, mwalimu. Kwa manila chukueni resini ya poliesta, ile wanayotumia mafundi wa boti za faiba, pamoja na mkeka wa faiba wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Epoksi, resini ya aina nyingine, nayo ingefanya kazi, lakini kwa vipande 12 mtalipa zaidi bila kupata kitu ambacho mtazamaji wa safu ya pili ataweza kukitofautisha.

Hesabu kwanza. Dirii ya mtu mzima, kifua na mgongo, ina kama nusu mita ya mraba. Tabaka mbili za mkeka wa 300 ni gramu 300 za faiba, na mkeka hunywa resini mara mbili na nusu ya uzito wake, hivyo gramu 750. Mpako wa nje utakula gramu 120 nyingine. Chapeo ni nusu ya hapo: gramu 375 kwa ndani na 60 kwa nje. Kwa vipande vyote mnafika kilo 7.8, ongezeni sehemu moja ya kumi kwa itakayobaki kwenye makopo na brashi, mnunue kilo 9. Mkeka, mita 10 za mraba. Dawa ya kukaushia, ile ya maji iitwayo MEKP, mililita 100 zinatosha na kubaki. Dirii ikikauka itakuwa na uzito wa kilo 1 na robo hivi, mwanafunzi ataimudu mchezo mzima.

Manila ya kwetu huwa na unyevu hata ikionekana kavu, na maji ni adui wa poliesta: panapokuwa na unyevu resini hufanya weupe na kubaki laini. Anikeni vipande juani saa nzima kabla ya kuanza. Kisha pigeni vijiti vya kukaza kwa ndani, begani kwa begani na ubavuni kwa ubavuni, vishikwe kwa gundi ya moto. Msivitoe mpaka faiba iwe imekauka. Poliesta hunywea inapokauka, na karatasi isiyo na kitu cha kuikaza hufuata kule inakovutwa. Ndiyo maana dirii nyingi za watu huishia kubana kifuani kama chombo kilichokazwa kamba.

Mpako wa kwanza unakuwa wa nje, mwembamba. Pimeni gramu 100 za resini kwa mizani ya jikoni, tieni mililita 1 ya dawa kwa bomba la sindano, korogeni dakika moja nzima mkikwangua kingo na chini ya kopo. Hiyo ni kama asilimia 1. Tini nyingi huandika asilimia 1 hadi 2, lakini maelezo hayo yanalenga chumba cha nyuzijoto 20 hadi 25. Kwa joto la kwetu anzieni 1, na hata hivyo mtakuwa na kama dakika 10 hadi 20 kabla haijawa uji. Msishuke chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye tini kwa kutaka muda zaidi, maana hapo resini huweza isikauke kabisa. Ukitaka muda, changanya kidogo kidogo. Na msipake nje na ndani kwa wakati mmoja: karatasi ikilowa pande mbili huporomoka.

Nje ikishakuwa ngumu, geuzeni. Mkeka msiukate kwa mkasi bali uchaneni kwa mkono, vipande vya ukubwa wa kiganja, kwa sababu kingo zilizochanika huungana bila kuacha mstari. Pakeni resini, wekeni kipande, kisha kigongegonge kwa ncha ya brashi mpaka weupe upotee na karatasi ionekane chini yake. Mkivuta brashi mnauburura mkeka wote. Weupe unaobaki ni hewa, na hewa hiyo ndiyo itakayobonyea kwanza. Kwenye kona kali, kama ukingo wa chapeo, mkeka haukubali kupinda. Jazeni kona kwa bodi fila kidogo, ile ya kuzibia mabonde ya magari, iwe na mviringo, ndipo muweke faiba. Tabaka la pili liwekwe siku hiyo hiyo, la kwanza likiwa limeganda lakini bado linanata. Kunata huko ndiko kunakoziunganisha.

Kuna wakati mfupi, faiba inapokuwa kama ngozi ya kiatu, ambapo kisu kikali kinakata kingo zilizozidi bila taabu. Ukiupitisha wakati huo utatafuta msumeno wa chuma.

Jambo moja si la resini. Chapeo ile yenye upanga wa katikati kama wa jogoo na kingo zilizopinda juu mbele na nyuma ilienea katikati ya karne ya 16. Ikiwa mchezo wenu unaanza na Vasco da Gama kupita mwambao huu mwaka 1498, wavisheni watu wake chapeo za duara tu. Ni rahisi zaidi kukata, isitoshe.

SWALI. Nimepaka poliesta kwenye ngao, siku ya tatu hii bado inanata. Niongeze dawa juu yake? *Kijana wa Kikwajuni*

JIBU. Usiongeze. Dawa ikipakwa juu haiingii kwenye resini iliyokwisha ganda. Utabaki na kemikali kali juu ya ngao na juu ya vidole.

Bonyeza kwa ukucha. Ukucha ukikuta ugumu chini ya utelezi, ngao yako ni nzima. Poliesta nyingi za mafundi wa boti zimetengenezwa ili uso wake usikauke kabisa unapogusana na hewa, tabaka jingine lipate kushika. Futa kwa kitambaa chenye asetoni kidogo kisha piga msasa. Au, ikiwa unataka mpako wa mwisho ulio mkavu, nunua ile resini au ile nyongeza yenye nta ndani yake: nta hupanda juu, ikafunika, hewa isifike. Lakini ukishapaka yenye nta, lolote linalofuata juu yake, iwe faiba au rangi, litahitaji msasa kwanza.

Ukucha ukizama mpaka chini, kosa ni la kipimo, la kukoroga au la unyevu. Au ni lile tunaloliona mara nyingi zaidi: mtu ametumia dawa ya bodi fila, ile inayokuja kwenye bomba kama la dawa ya meno, kukaushia resini ya boti. Dawa hizo mbili si ndugu. Ya bomba imetengenezwa kwa resini iliyotiwa kiamsho cha aina nyingine. Ukiitia kwenye resini ya boti huenda ikaganda juujuu na kubaki tope ndani. Jaribu kuianika juani siku mbili. Ikikataa, ikwangue yote. Kupaka nyingine juu ya tope ni kupoteza resini ya pili baada ya ya kwanza.

SWALI. Faiba ghali. Huku kwetu magunia ya karafuu yapo, na usumba upo. Haviwezi kushika nafasi yake? *Mkulima na mwigizaji, Konde*

JIBU. Swali zuri kuliko yote, na lina majibu mawili.

Usumba, hapana, si kwa kukaza. Uzi wa usumba unavutika asilimia 15 na zaidi kabla ya kukatika, na poliesta iliyokauka hupasuka ikivutika kama asilimia 2. Resini itakuwa imeshafanya nyufa kabla usumba haujaanza kubeba mzigo wowote. Ni uzi mzuri mno wa kamba kwa sababu hiyo hiyo. Utumie kama ukitaka manyoya ya chapeo.

Juti, ndiyo. Uzi wake hauvutiki sana na unakwenda sambamba na resini. Jueni tu kwamba gunia ni zito na linakunywa resini mara tatu ya uzito wake au zaidi, kwa hiyo fedha unayookoa kwenye faiba unaanza kuirudisha kwenye resini. Kwa ngao, ambayo uzito wake haudhuru, tabaka moja la gunia katikati na tabaka moja jembamba la faiba kila upande ni mpango mzuri.

Lakini gunia lililobeba karafuu ni mtihani. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli, na eujenoli huzuia poliesta isikauke. Resini za aina hii hukauka kwa mwendo wa chembe moja kuiamsha nyingine, na eujenoli huzima mwendo huo njiani. Madaktari wa meno wanaijua tabia hiyo siku nyingi: wakitumia dawa ya eujenoli kwenye jino, hawaweki kijazo cha resini moja kwa moja juu yake. Gunia lako likinukia karafuu, tayari lina ya kutosha kukuharibia kazi. Utapaka asubuhi, jioni utakuta gamba gumu pembeni na ute pale kitambaa kilipo.

Tafuta gunia jipya. Hata hilo lifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, kwa sababu juti husokotwa kwa mafuta kiwandani, kisha likauke juani mpaka liwe kavu kabisa. Kama huna ila la karafuu, lifue mara mbili au tatu mpaka harufu iishe, halafu jaribu kipande cha kiganja kabla ya kugusa ngao. Au tumia epoksi: hiyo hukauka kwa njia nyingine na karafuu haiizuii. Gunia jeupe la mchele au la sukari, lile la plastiki iliyosukwa, usijisumbue nalo. Hakuna resini kati ya hizi inayolishika, linabanduka kama ganda la ndizi.

SWALI. Nimeshona deraya nzima kwa mikeka ya povu ya watoto, ile ya kuunganisha kama fumbo. Nataka niipake resini iwe ngumu. *Binti wa Mwanakwerekwe*

JIBU. Usiipake, bibie. Povu hilo ni EVA na uzuri wake ni kupinda. Resini ngumu juu ya kitu kinachopinda itapasuka mara ya kwanza utakapokaa kitini, na vipande vitabanduka kwa sababu haishiki vizuri kwenye EVA.

Kinachohitajika ni kuziba vinyweleo na kulishikisha umbo. Pitisha mashine ya hewa moto juu ya povu mpaka uso ung'ae kidogo, kisha likunje katika umbo unalotaka na ulishike hivyo mpaka lipoe. Ya kukaushia nywele haifikii joto hilo. Maungio yote kwa gundi ya viatu: paka pande mbili, subiri mpaka usinate kidoleni, ndipo ubandike, na ujue hakuna kurekebisha baada ya hapo. Halafu gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, sehemu tatu kwa moja, mipako 4 hivi myembamba, kila mmoja ukauke. Rangi iwe ya maji, inayonyumbuka.

Pale panapotakiwa pawe pagumu kweli, kama bega linalosimama lenyewe, bandika kitambaa cha pamba kwa ndani kwa gundi hiyo hiyo, au ongeza unene wa povu. Ukitaka deraya ngumu yote, basi ulianza na kitu kisichokuwa chake. Kata upya kwa manila.

SWALI. Nina epoksi ya kutengenezea vipuli na mapambo, ile ya kipimo cha moja kwa moja. Inafaa kwa chapeo? *Muuza sanaa, Paje*

JIBU. Inafaa kwa shida. Epoksi za mapambo ni nyepesi kama shira na zimefanywa zikae kwenye kifyatulio. Kwenye ukuta wa chapeo zitateremka zikusanyike chini, juu ibaki kavu. Nyingi pia hubaki na ulaini kidogo na hulainika zaidi zikipata joto. Chapeo iliyoachwa kwenye gari juani saa saba mchana inaweza kutoka imelala upande.

Ukiwa nayo tayari, fanya hivi. Tumia kitambaa cha faiba kilichosukwa, cha gramu 160 hadi 200, siyo mkeka. Mkeka hushikwa na gundi ambayo huyeyushwa na staireni iliyomo ndani ya poliesta, na epoksi haina staireni, hivyo mkeka unabaki mgumu na haulali kwenye kona. Kitambaa kilichosukwa kinahitaji epoksi sawa na uzito wake tu. Itie uzito kwa unga laini wa mbao uliochekechwa mpaka iwe kama uji mwepesi wa mtoto, hapo itasimama ukutani. Paka tabaka moja, geuza chapeo kila dakika chache mpaka igande.

Kipimo cha epoksi hakichezewi. Kwenye poliesta dawa ni kichocheo, unaweza kuzidisha au kupunguza kidogo. Kwenye epoksi hadina, yaani dawa yake ya kukaushia, ni nusu ya kitu chenyewe: kila chembe ya resini inatafuta mwenzake wa hadina, na wasiopata mwenzi hubaki laini maisha. Mtu akikuambia "ongeza hadina ikauke haraka", anazungumzia resini nyingine. Angalia pia kama kipimo kilichoandikwa ni cha ujazo au cha uzito. "Moja kwa moja" mara nyingi ni ya ujazo, na ukiipima kwa mizani umeshakosea, kwa sababu hadina kwa kawaida ni nyepesi kuliko resini.

Mengine mawili ya hewa yetu. La kwanza ni joto la kikombe: gramu 200 za epoksi zikikaa kwenye kikombe kirefu mchana wa kaskazi zinaweza kutoa moshi. Ukimaliza kukoroga imwage kwenye sinia pana upakie hapo. La pili ni unyevu. Wakati wa masika epoksi ikikauka hufanya utando wa mafuta mafuta juu, wakati mwingine mweupe. Si kwamba imeharibika, lakini tabaka linalofuata na rangi havitashika. Osha kwa maji na sabuni kwa dodoki, kausha, msasa mwepesi, endelea. Usiufute kwa tina, utausambaza tu. Wanaoweza kusubiri wafanye kazi hizi kipupwe, Juni hadi Agosti.

Saa ya kuanza nayo ina maana kwa karatasi na kwa mbao. Asubuhi joto linapopanda, hewa iliyomo ndani ya karatasi hutanuka na kutoka, nayo hutoboa vipovu kwenye resini mbichi. Anza alasiri, saa tisa au kumi, joto likianza kushuka: hewa inajivuta ndani na resini inaifuata. Kipande kikiganda tu kiingize ndani kabla ya umande.

SWALI. Nilichonga chapeo kwa povu jeupe la boksi la televisheni, nikapaka poliesta, imeyeyuka yote! *Jang'ombe*

JIBU. Ndivyo inavyofanya. Povu hilo ni polistaireni na staireni iliyomo kwenye poliesta huliyeyusha kama sukari kwenye chai. Epoksi hailigusi. Au lifunike kwanza kwa karatasi na gundi nyeupe tabaka tatu, likauke kabisa. Lakini tundu la sindano linatosha kuingiza poliesta, ikala ndani wewe huoni. Vile vikombe vyeupe vya povu vya chai msikorogee poliesta, kwa sababu hiyo hiyo.

SWALI. Mwanangu anafanya kazi hizi ukumbini usiku, nyumba nzima inanuka. Anasema amevaa barakoa. Ana salama? *Mama, Wete*

JIBU. Hana, mama, na nyinyi mliolala hamna. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali inazuia vumbi tu. Mvuke wa staireni unapita. Inayotakiwa ni ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na hata akiwa nayo kazi ifanyike uani au barazani penye upepo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa sakafuni, ndiko watoto wanakolala.

Halafu moto. Staireni huweza kutoa mvuke wa kushika moto kuanzia nyuzijoto 31 hivi, na hilo ndilo joto letu la mchana miezi mingi. Jiko la mkaa, chetezo cha udi, sigara: vyote viwe mbali.

Ile chupa ndogo ya MEKP ndiyo ya kuogopwa zaidi, ingawa haina harufu kubwa. Tone moja jichoni linaweza kupofua. Avae miwani iliyoziba pembeni kila anapopima, na ikitokea bahati mbaya, maji safi yanayotiririka papo hapo kwa dakika 15 bila kusimama, kisha hospitali. Isimwagikie matambara wala vumbi la mbao, vinaweza kuwaka vyenyewe. Isikutanishwe na asetoni. Ikiwa resini aliyonunua imekuja na chupa ya tatu ya maji ya zambarau, hiyo ni kobalti: ikorogwe kwenye resini kwanza mpaka ipotee, ndipo MEKP. Hizo mbili zikikutana zenyewe kwa zenyewe hulipuka. Resini nyingi zinazouzwa zimeshatiwa kobalti kiwandani, utaziona zina wekundu wa waridi.

Kwa epoksi hatari ni ya ngozi. Mtu anaweza kuishika kwa miezi bila dhara, siku moja mwili ukaikataa, na tangu hapo kila akiikaribia anavimba na kuwashwa. Glavu za naitraili kila mara, na akichafuka aoshe kwa sabuni na maji. Asetoni na tina huisukuma ndani ya ngozi.

Vumbi la faiba: msasa wa maji, siyo mkavu. Akiwashwa aoge bila kujisugua, maana kujisugua huzizamisha nyuzi.

SWALI. Sisi ni skuli ya msingi, watoto ni wa miaka 9 na 10. Wazee wanataka ngao na dirii. *Makunduchi*

JIBU. Msitumie resini hata kidogo. Nunueni merikani na gundi nyeupe ya mbao, kopo la kilo 4. Kitambaa kilowekwe usiku na kuanikwa ili kiondoke wanga wa kiwandani, kisha kikatwe vipande vya shibiri moja. Zimueni gundi, sehemu mbili kwa moja ya maji, chovyeni kitambaa, kamueni kwa vidole, kibandikeni juu ya kadibodi kwa kupishana. Tabaka mbili nje, moja ndani, na kila tabaka likauke siku nzima, mbili ikiwa masika. Mkiharakisha, ndani panaota ukungu. Ikikauka inagongeka kama ubao mwembamba na watoto wenyewe wanaweza kufanya kila hatua. Haipendi mvua. Mpako wa vanishi au rangi ya mafuta utaikinga kiasi cha kutembea uwanjani, siyo kiasi cha kuachwa nje.

Hakuna deraya katika ukurasa huu iliyokusudiwa kupigwa kweli. Mkisikia watoto wanataka kuzijaribu kwa bakora, zifungieni.

SWALI. Resini ninayoitaka iko Unguja. Nipande nayo boti kwenda Mkoani? *Fundi, Kengeja*

JIBU. Uliza kampuni ya boti kwanza, ueleze wazi ni kitu gani. Resini ni ya kushika moto na MEKP ni kemikali inayoweza kujiwasha. Usiifiche kwenye begi la nguo. Kwa ndege ya abiria usijaribu. Wakikubali kuipokea kama mzigo, chupa ya dawa iwe kwenye boksi lake mbali na tini za resini, imesimama wima, kifuniko chake cha asili, kwa sababu kile hupumua kidogo na kifuniko kingine kilichobana hufanya chupa ivimbe. Ukifika, iweke kivulini penye ubaridi, isiwe kwenye friji la chakula. Tini ya resini itazame tarehe kabla ya kulipa: poliesta iliyokaa ghalani kwenye joto huanza kuganda yenyewe. Igeuze tini polepole, na ukihisi inakwenda kama ugali ndani, mrudishie muuzaji.